Kabati Lenye Kikohozi Kikavu

Jumatatu, 26 Julai 2021

Namshukuru Mungu kwa mawili. Dada Demetria bado anapumua. Na anapumulia hospitali ninayofanya kazi mie, hapa hapa Chanika, kwa hiyo jicho langu lipo karibu.

Alilazwa juzi Jumamosi, wodi ya kutengwa. Ni hii hii korona. Ndugu haturuhusiwi kuingia. Nasimama nje ya dirisha, yeye ananipungia mkono toka kitandani, mrija wa oksijeni puani, nami nampungia kama mtoto aliyeona ndege. Huyu ndiye aliyenilea kule Rombo mama alipofariki. Aliniogesha, alinichapa, alinisomesha mpaka darasa la sita. La saba nililiacha mwenyewe, nilikuwa nishajua ya kutosha.

Daktari kasema kila siku mchana achomwe sindano ya mapafu, ile ya kushusha uvimbe wa ndani, na asikose. Hilo "asikose" kalisema huku akinitazama machoni. Nimemwambia aondoe shaka, stoo ya dawa ni kama chumbani kwangu. Mie ndiye msaidizi wa stoo. Napokea maboksi, napanga, nahesabu, nafagia. Wapo wanaosema kazi yangu ni kufagia na hayo mengine najiongezea. Wasemaji ni wengi.

Sasa leo stoo imepata mgeni. Kabati. Lakini si la vyombo. Refu kunishinda, jeupe, lina vidroo vingi kama masanduku ya posta, lina skrini usoni na sauti ya mwanamke. Badriya, mfamasia wetu, katukusanya kutueleza. Huyu ndiye bosi wangu, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Dawa zote za dharura zinahamia humo. Nesi akitaka dawa anaweka kidole gumba, anaandika namba ya mgonjwa, kinafunguka kidroo kimoja tu. Kabati linahesabu lenyewe. Dawa ikikaribia kuisha, linatuma oda lenyewe hospitali mama, Kunduchi, kwenye stoo kuu. Linapima hata joto la chumba na unyevu wa hewa. Kasema wimbi hili wagonjwa wanaongezeka haraka kuliko mkono unavyoandika, na mtu asife kwa sababu mwingine alisahau kuagiza.

Nikanyoosha mkono. Nikawaambia mitambo na mie tunajuana. Nilikuwaga Kinyerezi, kwenye mitambo ya umeme wa gesi. Siku moja mtambo ukagoma, wazungu wameshika vichwa, nikaupiga kofi moja la ubavuni, ukawaka, nusu ya Dar ikapata umeme. Jabiri, dereva wetu wa ambulensi, akauliza huo mtambo si ndio lile jiko la kantini? Maana anavyojua yeye Kinyerezi nilikuwa nawaoshea mafundi sufuria. Watu wakacheka. Badriya naye kainamia karatasi zake, mabega yanatikisika.

Jabiri ni Mzaramo wa hapa hapa. Ananiita Mangi, kama wanavyotuita Wachaga wote. Ana kitambi na ana majibu. Sina kinyongo naye. Namwombea.

Watu walipotoka nikabaki mie na kabati. Likasema karibu, tafadhali weka kidole. Sikujua nijibuje. Limetoka mbali, na umri wake siujui. Nikaliamkia shikamoo, kwa usalama.

Jumanne, 27 Julai

Mpango: kidole changu kisajiliwe.

Sababu ninazo. Zamani dawa ikianza kuadimika nilikuwa natenga kidogo pembeni, nyuma ya maboksi ya glavu, kwa nia njema. Si mie peke yangu. Kila wodi ina maficho. Sista Vaileth, nesi mkuu wa wodi ya kutengwa, mwanamke anayesali rozari, alikuwa anaficha kwenye kopo la majani ya chai. Jana maficho yote yamefumuliwa, vitu vimeingizwa kabatini. Badriya alipoona jumla ikabidi akae. Dawa tuliyokuwa tunalia imeisha, kumbe ipo tele, imejificha tu, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Sawa. Lakini sindano za Dada nazo ziko humo, na ufunguo ni kidole. Ikitokea siku manesi wote wana kazi, nani atamfungulia? Nimempelekea Badriya hoja hiyo, nimeipamba vizuri. Nikamwambia katika jeshi lolote lazima awepo askari wa akiba. Kafikiri, kasema haya Mjomba, tujaribu, walau uwe wa kupokea mizigo.

Nikaweka gumba. Kidole hakijatambulika. Nikakipangusa kwenye suruali. Hakijatambulika. La kushoto. Hakijatambulika. Badriya kwa upole akasema vidole vilivyoshika saruji na sabuni kali miaka mingi huwa vimefutika michirizi. Ndivyo hivyo, nikasema, hivi ni vya kazi. Mlangoni Jabiri akasema pole, Mangi, mashine yenyewe imekukana kabla jogoo hajawika.

Halafu yeye akaombwa ajaribu, maana ndiye anayeleta mizigo toka Kunduchi. Akaweka gumba lake, nene, laini, la kushika usukani na chapati. Kabati likasema: karibu, Jabiri. Kwa jina. Mbele yangu.

Mchana kutwa ametembea na gumba juu kama mgombea udiwani.

Nashukuru hata hivyo. Dada kachomwa sindano kwa wakati. Jovina, mke wangu, kapika mtori wa ndizi, Sista Vaileth kaupeleka ndani, kaniambia mgonjwa kanywa nusu bakuli na kasema chumvi haitoshi. Mtu anayelalamikia chumvi hajakata tamaa.

Jumatano, 28 Julai

Nimefika asubuhi nimekuta Jabiri anateremsha maboksi. Nikauliza nani kaagiza. Kasema kabati. Limeona jana matumizi yamepanda, limetuma oda bila kumuuliza mtu, sie tumelala. Nikasema mashine isiyo na adabu. Lakini kufika mchana wagonjwa wapya wanaletwa mfululizo, toka Chanika yote na mbele yake, na kila kilichohitajika kilikuwepo. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu, na kwa haki ya Mungu mie ningeshtuka Ijumaa.

Mchana Dada kapiga simu. Anasema neno, anapumzika, anasema lingine. Kauliza nimekula. Kauliza Jovina hajambo. Halafu kasema anataka nyungu.

Nilijua itafika hapo. Dada haamini tiba isiyotoa jasho. Majani yachemke, ujifunike blanketi na sufuria, uvute mvuke mpaka ugonjwa ujute. Ndivyo alivyonitibu mie mafua, surua na mara moja uvivu.

Nikamwendea Sista Vaileth. Kanitazama juu ya barakoa. Kasema mgonjwa yuko kwenye oksijeni, nikimfunika blanketi na sufuria ya moto nitamuua, na yeye hatapeleka kesi popote, atanimaliza mwenyewe hapo hapo koridoni. Nikasema sawa, Sista. Lakini nitamjibuje Dada? Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia hapana. Sijui hata huwa inaanzia wapi.

Nikaingia stoo kufagia huku nawaza. Ndipo kabati likakohoa.

Kh, kh, kh. Kikavu. Kile kile kinachotangazwa redioni.

Nikamwita Badriya. Kasema ni printa iliyomo ndani, inachapa lebo. Msomi habishiwi. Lakini alipoondoka nikasogea nikasikiliza vizuri. Kh, kh. Tujiulize. Hili kabati limetoka nje ya nchi, huko huko korona ilikoanzia. Limepita viwanja vya ndege. Abiria wote wanachokonolewa pua. Lenyewe nani alilipima? Lilikaa karantini siku ngapi? Limeshuka, limeingia stoo, na sindano za dada yangu limezimeza tumboni.

Hapo akili ikafunguka. Dada hawezi kufukizwa, haya. Lakini kabati linaweza. Likifukizwa, litapona kikohozi. Na mvuke ukipenya kwenye droo, ukaigusa dawa, basi dawa itamfikia Dada ikiwa tayari na nyungu ndani yake. Blanketi halijamgusa, Sista Vaileth hajakosewa, Dada hajanyimwa. Sindano moja, tiba mbili.

Nilijishangaa. Hili ni darasa la sita tu. La saba je?

Alhamisi, 29 Julai

Siku ya majani. Mchaichai nimeukata uani kwetu. Mwarobaini kwa jirani, kwa ruhusa yake niliyojipa. Majani ya mlimau, mkaratusi, tangawizi. Jovina kauliza yote hayo ya nini. Nikasema kuna mgonjwa kazini. Sikudanganya. Nikaomba na lile blanketi lake jekundu la harusi. Kauliza mgonjwa ni mrefu? Nikasema sana.

Getini nikakutana na Jabiri. Kaona mzigo wa majani, kauliza Mangi, umefungua banda la mbuzi humu? Ili asichimbe zaidi nikakubali. Kosa. Kufika adhuhuri hospitali nzima inajua mie Didas nafuga mbuzi. Fundi umeme kaweka oda ya Krismasi. Daktari kaniuliza kama maziwa yapo.

Dada leo sauti imeshuka kidogo. Kasema kifua kizito. Sista Vaileth kasema ugonjwa huu ndivyo ulivyo, unapanda unashuka, sindano na oksijeni visikatike tu. Nimemshukuru. Mwanamke huyu anashinda ndani ya lile koti la plastiki, jua la Chanika unalijua, akitoka uso umekunjamana kama aliyetoka kuogelea. Na bado anakumbuka kuniambia Dada kala nini.

Sijamwambia Dada kuhusu mpango. Nimemwambia tu tiba anayoitaka ipo njiani.

Ijumaa, 30 Julai

Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Adhuhuri Badriya kaenda kuswali, halafu chakula. Mie nilikuwa nimeshachemsha sufuria kubwa jiko la wafanyakazi. Nikaipakia kwenye toroli la nguo chafu, nikaifunika shuka, nikaisukuma mpaka stoo nikiwa napiga mluzi. Nikafunga mlango. Nikaweka sufuria miguuni mwa kabati, nikafunua mfuniko, nikalifunika kabati blanketi toka kichwani. Harufu ilikuwa nzuri, hata mie pua zilifunguka.

Likasema: joto limezidi. Nikaliambia ndivyo inavyotakiwa, vumilia. Likasema: unyevu umezidi. Hilo ni jasho, nikasema, linatoka na ugonjwa. Likasema: droo zinafungwa. Nikasema funga, usije ukapigwa na upepo. Nikaenda jikoni nikaongeza maji yanayochemka, nikarudi, nikalipapasa mgongo. Nikaimba na pambio taratibu. Kweli nilijisikia muuguzi.

Na kikohozi kilikoma. Hilo naliandika kwa sababu wengine wamelisahau.

Nikakunja blanketi, nikaficha sufuria nyuma ya maboksi ya glavu. Hapo hapo akaingia Sista Vaileth kuchukua sindano ya Dada. Kaweka gumba. Kabati likasema: dawa zimewekwa karantini, subiri mfamasia. Skrini yote nyekundu. Kaweka tena. Karantini.

Badriya kaitwa, kaja mbio, ushungi umekaa upande. Gumba lake nalo likakataliwa. Akatueleza: kabati likiona joto limevuka kiwango linajifunga, hakuna dawa inayotoka mpaka ijulikane kama imeharibika. Sindano iliyoharibika inaweza kuua kuliko ugonjwa. Shida, kasema, hajui kilichotokea. Kama ni kiyoyozi kimezima, hilo linarekebishika. Kama kabati lenyewe ni bovu, basi hata hesabu zake si za kuamini, na dawa zote zilizomo zitateketezwa. Zote. Na wodi imejaa.

Sista Vaileth akasema muda wa sindano ya Demetria umefika. Kalisema jina la dada yangu kama anasoma bango.

Nilitamani mtu mwingine aseme. Nikatazama mlango, nikatazama dari. Basi nikasema mie. Nikasema kabati ni zima, halina kosa, ni mie nimelifukiza.

Hakuna aliyecheka. Badriya alifumba macho akasema inna lillahi. Halafu akakaa juu ya boksi la dripu, akaniuliza taratibu sana: Mjomba, umelifanya nini? Nikaeleza upya, na majani kwa majina. Kauliza maji yalikuwa yanachemka humu ndani au yalichemkia jikoni. Jikoni. Kauliza kuna droo iliyofunguka wakati mvuke unapanda. Hakuna, zilijifunga. Kauliza ilichukua muda gani. Nikasema pambio moja na nusu. Sista Vaileth akageuka ukutani, sijui alikuwa anacheka au anaomba asinipige.

Badriya akapiga simu Kunduchi kuomba dawa nyingine. Wakamjibu wanajua. Kabati lilikuwa limewapasha habari tangu mvuke wa kwanza, na likaomba mbadala wa kila kilichomo tumboni. Jabiri alikuwa huko huko Kunduchi tangu asubuhi amefuata mitungi ya oksijeni. Wamempakia maboksi, kashaondoka, yuko njiani. Mie nilikuwa bado kwenye ubeti wa pili.

Lakini Kunduchi na Chanika, mji mzima uko katikati. Kutoka baharini mpaka kwenye mihogo yetu huku. Na ni Ijumaa, siku ya foleni.

Nilikwenda dirishani. Dada kapandisha mkono, haukufika juu. Kifua kinakwenda mbio. Wamemgeuza alalie tumbo, wamemwongezea oksijeni. Sista Vaileth aliniona, akavuta pazia nusu, nusu akaniachia. Nikamwahidi Mungu mambo. Kwamba sitajisifu tena. Kwamba Kinyerezi niliosha sufuria, ndiyo, na kofi sikupiga. Nikamwambia kama kuna wa kuadhibiwa, mie nimesimama hapa nje, Dada yuko ndani, usichanganye.

Jua limeshaegemea ndipo nikasikia king'ora. Jabiri kateremka na sanduku la baridi kifuani, kakimbia. Sijawahi kumwona Jabiri akikimbia, kitambi kilikuwa kinamfuata nyuma. Kamkabidhi Sista Vaileth mlangoni. Sindano imeingia.

Halafu kaja kusimama karibu yangu, anahema. Tukatazama dirisha wote. Kasema Mangi, njia nzima nawaza, ni mbuzi wako ndio waliokula kabati? Nikaanguka begani kwake nikalia. Kanishika, kasema ndio hivyo, lia tu, dada ni mama. Sista Vaileth katufokea dirishani tuvae barakoa na tuachane.

Asante Jabiri. Nimeiandika ili isifutike.

Jumamosi, 31 Julai

Amelala vizuri. Amelala vizuri. Amelala vizuri.

Leo kaja mtaalamu toka stoo kuu. Wamefungua kabati yeye na Badriya, wamekagua droo moja moja. Ndani kukavu. Lilikuwa limejifunga barabara, mvuke haukupita hata tone, dawa zote salama. Nikauliza hata kwenye sindano za mapafu nyungu haikuingia? Mtaalamu akasema haikuingia popote. Nilisikitika kidogo, halafu nikashukuru, halafu nikaacha kufikiria.

Sasa dawa tunazo mara mbili, za zamani na mbadala. Na leo Jumamosi ndiyo siku wagonjwa wamefurika kuliko siku zote. Wamelazwa mpaka wodi ya watoto imegeuzwa ya kutengwa. Jioni daktari kasema mbele ya wote, bila ule mzigo wa jana tungeaibika leo. Mie nikakohoa kwa maana. Badriya akasema Mjomba, usithubutu. Kasema kabati lingeagiza tu lenyewe, lilishaona wagonjwa wanapanda. Kweli. Lakini lingeagiza vyote hivyo?

Nimeuliza tu.

Badriya kafunga mlango tukaongea. Kasema wakubwa wa Kunduchi amewaambia ukweli wote, hakuficha. Nikajua kazi imekwenda. Nikaanza kuvua funguo shingoni. Akasema zirudishe. Kawaambia vilevile kwamba nilisema mwenyewe mapema, na ningenyamaza saa ile wangeteketeza dawa nzima zilizomo kabatini na kuliamini kabati ni bovu. Nimepewa onyo. Marufuku kuingia stoo na kitu chochote kinachochemka, kinachowaka au kinachotoa moshi.

Binti mdogo hivi. Angenitoa getini asubuhi na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake kaniuliza nimekunywa chai. Nimemwambia Mungu ampe mume mwenye akili, kasema anaye. Nikasema basi amwongezee.

Jumanne, 3 Agosti

Dada kapunguziwa oksijeni. Kakaa kitandani mwenyewe, kanywa mtori, kasema safari hii chumvi imezidi.

Jabiri kanisaidia kurudisha sufuria jikoni, maana kila nikiishika wapishi wanashangilia. Hospitali nzima inajua. Kuna nesi ananiita Mganga Mkuu. Fundi umeme karudi kufuta oda ya mbuzi, kasema hawezi kula mnyama asiye na ushahidi. Nimevumilia yote. Mtu akinicheka namtazama namwambia dada yangu amekaa kitandani.

Kabati leo limeagiza tena lenyewe. Oda ndogo. Badriya kasema limeona wagonjwa wanaanza kupungua, halitaki kujaza tukaishia kutupa. Hata huruma linayo.

Alhamisi, 5 Agosti

Dada kaondolewa mrija. Katembea kitanda mpaka dirishani, kamshika Sista Vaileth mkono. Tumetazamana kioo katikati. Amekonda, lakini jicho ni lile lile la Rombo, unaliona unakumbuka makosa.

Kasema amesikia. Sista Vaileth kamsimulia kila kitu. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika, wamempa maji. Nikadhani sasa nitatukanwa. Kauliza mchaichai nilitia wa kutosha? Nikasema wa kutosha. Katikisa kichwa, karidhika. Halafu kaweka kiganja kwenye kioo, kasema Didas, hiyo mashine imenilisha dawa siku zote hizo mpaka leo, na imekuvumilia na wewe. Usirudie. Nikaapa. Sijawahi kumwambia hapana.

Ijumaa, 6 Agosti

Dada yuko nyumbani, chumba chetu, mie na Jovina tumehamia sebuleni. Kafika tu kabadilisha mahali pa meza. Namshukuru Mungu.

Leo nimezunguka kushukuru. Daktari nimempelekea mayai ya kienyeji. Sista Vaileth nimempa kopo jipya la majani ya chai, nikamwambia lisiwe la kuficha kitu, kanisukuma kwa kicheko. Badriya nimempelekea ndizi za mtori, mkungu mzima, kwa mikono miwili. Jabiri nimemwita mdogo wangu mbele za watu, na nikakubali hadharani kwamba Kinyerezi nilikuwa naosha sufuria. Ila nikaongeza kwamba zilikuwa sufuria za turubini. Kainamisha kichwa, heshima imeingia.

Nikabaki mbele ya kabati. Wote nimewashukuru, lenyewe bado. Wiki hizi limehesabu, limeagiza, limejifunga lilipobidi, limefunguka lilipotakiwa. Usiku na mchana, halikai. Nikaweka mkono ubavuni mwake. La moto. Halikohoi, lakini la moto kabisa, huku nyuma linapovuma.

Badriya alishaniambia, na nimeelewa kabisa, sirudii. Adui wa hili kabati ni joto. Joto na moshi na mvuke, marufuku. Nimeapa mbele ya Dada pia. Kwa hiyo zawadi iwe ya kinyume chake.

Kesho Jabiri anakwenda Kunduchi, na mie naenda naye. Pale wanaposhusha samaki kuna barafu ya mapande, makubwa kama matofali. Jabiri kauliza ya nini, nikasema ya juisi ya sherehe ya Dada. Nitayafunga kwenye gunia lililolowekwa. Badriya akienda kuswali nitayapanga juu ya kabati, sita au saba, taratibu. Yakiyeyuka yatashuka yenyewe kidogo kidogo mpaka ndani, lipoe hadi moyoni.